Mirumbe na Mshale Usio Wake

Matiko Mirumbe aliacha kuwinda akiwa bado kijana, miaka mingi kabla Caleb, mwanawe wa pekee, hajazaliwa. Serikali ilipopiga marufuku uwindaji, wenzake kadhaa huko Kuria, karibu na mpaka wa Tanzania, waliendelea kuingia porini kwa kujificha. Yeye alikataa. Alisema mtu anayewinda huku akitazama nyuma hana utulivu wa kumtazama mnyama, na bila utulivu atamuumiza tu amwache.

Pinde zenyewe hakuziacha. Alipomwoa Bochaberi, Mkisii na Msabato wa kutoshika jembe wala sufuria siku ya Sabato, walihamia kwenye kipande cha shamba ambacho kaka zake Mirumbe walikuwa wamenunua katika bonde la Lambwe, upande wa Homa Bay, si mbali na mbuga ya wanyama. Bochaberi alilima kunde na maharagwe akayauza sokoni. Mirumbe alikata miti ya mkole, akaianika kivulini miezi mingi, akaichonga kwa panga na kuilainisha kwa kipande cha chupa mpaka ikang'aa. Pinde zake zilinunuliwa Migori na wacheza ngoma, na baadaye na vijana wa klabu ya kulenga shabaha.

Hakumuuzia mtu upinde kabla ya kumpima. Alimwambia auvute mpaka kamba iguse shavu, kisha akaanza kumuuliza habari za nyumbani: mama yuko, mvua imenyesha, barabara mmeitengeneza? Mkono ukianza kutetemeka kabla ya mazungumzo kwisha, Mirumbe aliuchukua upinde na kumletea ulio mwepesi zaidi. Vijana walinuna. Kila mmoja alitaka ule mzito.

"Huu ni wa baba yako mkubwa," aliwaambia. "Wewe chukua huu unaokutii."

Mirumbe alifundishwa kuwinda na mjomba wake, mtu mkali wa maneno machache. Mjomba huyo hakutumia sumu kwenye mishale. Alisema sumu humfanya mtu alenge ovyo, kwa kuwa anajua popote atakapopiga mnyama atakufa hatimaye, hata kama ni baada ya siku nzima ya kuteseka. Chuma cha mshale alikinoa mpaka kikanyoa vinyweleo vya mkono wake. Hakupiga mnyama aliyemgeukia uso, wala aliyempa mgongo. Alingoja asimame kwa ubavu, mguu wa mbele ulio upande wake utangulie, mahali pa mapafu pawe wazi. Kama mnyama hakusimama hivyo, walirudi nyumbani mikono mitupu na kula ugali kwa mboga. Na kama mshale ulikwenda vibaya, hakuna aliyekula wala kulala mpaka mnyama yule apatikane. Hilo ndilo mjomba alilokuwa akilirudia kuliko yote.

Mirumbe alimfundisha Caleb shabaha tu, kwa gunia lililojazwa nyasi nyuma ya nyumba. Habari za porini alimsimulia kama mtu anayesimulia maisha ya zamani. Caleb alikuwa na jicho zuri. Alikua, akaoa msichana mpole aitwaye Liz, akajenga nyumba yake ng'ambo ya zizi, na katika mashindano ya kaunti kule Migori aliwashinda vijana wote kwa upinde wa baba yake. Bochaberi alikwenda kushangilia akiwa amevaa gauni lake la kanisani, ingawa haikuwa Sabato. Siku ile Mirumbe alijiona ni mtu tajiri.

Ushindi ule ulimletea Caleb marafiki wapya mjini. Mmoja wao alimuuzia upinde wa kiwandani, mweusi, mgumu, wenye kishikio cha mpira, pamoja na mishale myembamba, myepesi kama mabua. Alikuja nao nyumbani akautundika sebuleni mahali pa kuonekana.

Mirumbe aliushika, akauvuta, akaurudisha polepole.

"Ni mzuri," alisema. "Hebu uvute wewe."

Caleb aliuvuta. Baba yake akaanza, "Liz hajambo? Ng'ombe amekunywa maji?" Kabla hajafika mbali, mkono wa kijana ulikuwa unatikisika.

"Tata, hayo mambo yako ni ya zamani," Caleb alisema akicheka kwa aibu. Tata ndivyo alivyomwita baba yake, kwa Kikuria. "Nitauzoea tu."

"Uzoee kwa gunia. Na mishale hii ni ya kupiga ubao. Haina uzito. Ikikutana na mfupa inavunjika."

"Nani amesema napiga mfupa?"

Mirumbe aliirudisha mishale mahali pake.

Mwaka ule pongo walianza kutoka vichakani kando ya kijito na kula maharagwe ya Liz. Pongo ni swala wa kujificha, mwekundu, mwenye madoa meupe ubavuni. Huja alfajiri mmoja mmoja, na mtu huona tu nyayo na mashina yaliyokatwa. Liz alifunga vitambaa kwenye vijiti kuwatisha. Bochaberi alipendekeza wapande kitunguu pembezoni. Caleb hakupendekeza kitu. Marafiki wa mjini walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba bingwa wa kupiga nyasi si bingwa, na maneno hayo yalikuwa yamemwingia.

Asubuhi moja Mirumbe alikuwa akimwagilia miche ya vitunguu alipomwona mwanawe akitoka upande wa kijito na ule upinde mweusi. Alitembea haraka, akaenda moja kwa moja kwenye pipa la maji, akaanza kunawa. Podo lake la mishale lilikuwa na pengo.

"Mshale mmoja uko wapi?" Mirumbe aliuliza.

Caleb alinawa uso mara ya pili. "Nimempata mmoja. Pongo. Amekimbilia kichakani."

"Umempata wapi?"

"Pale kwenye maharagwe."

"Nauliza mwilini. Wapi?"

Caleb alijishika chini ya mbavu. "Aligeuka wakati naachilia. Nafikiri ni tumboni."

"Ulimfuata?"

"Kichaka ni kizito, Tata. Na askari wa wanyamapori wanapita huko. Atakufa tu."

Mirumbe alisimama na kopo la maji mkononi. Bochaberi alikuwa ametoka jikoni akayasikia yote. Aliwatazama, baba na mwana, akasema kwa sauti ya chini, "Baba Caleb, pigia askari simu. Waje wammalize wenyewe. Wana bunduki."

Lilikuwa shauri jema, na Mirumbe alilijua hivyo. Baadaye, alipopata muda mwingi wa kufikiri, alikiri mbele ya mchungaji kwamba hapo ndipo alipokosea. Lakini asubuhi ile aliona jambo moja tu: wakija askari watauliza nani alipiga, na Caleb hataweza kuficha uso wake.

"Twende wote," alimwambia mwanawe. "Wewe ndiye unayejua alikoingilia."

Caleb aliitazama ardhi. "Mimi siwezi kwenda jela, Tata. Liz ana mimba."

Ndipo Mirumbe alipojua kwamba atakuwa na mjukuu. Aliingia ndani, akachukua upinde wake mwenyewe, ule ambao hakuwahi kuutoa kwa bei yoyote, na mishale miwili ya chuma. Aliinoa akiwa amekaa kizingitini. Bochaberi alimshika bega. "Umezeeka," alimwambia. "Miguu yako ina maumivu."

"Tumbo la yule lina maumivu zaidi," alijibu, akaondoka.

Alipata alama karibu na ukingo wa shamba: nywele chache nyekundu na tone la damu nyeusi lililochanganyika na majani yaliyotafunwa. Damu ya mapafu huwa nyepesi, ina povu, na mnyama wake hupatikana karibu akiwa amekwisha lala. Damu ya namna hii maana yake ni safari ndefu. Mbele kidogo aliokota nusu ya ule mshale mwembamba. Ulikuwa umekatika kama kijiti cha ufagio. Kwenye ncha Caleb alikuwa amefunga kipande cha bati alichokikunja kwa nyundo, butu kama ukucha. Mirumbe aliufuta, akautia katika podo.

Alifuata polepole. Mahali pengine palikuwa na damu kwenye majani ya miiba, mahali pengine ni jiwe tu lililogeuzwa. Mbung'o walimuuma shingoni. Jua lilipanda, na kichaka kikawa na joto kama jiko. Aliona pale pongo alipolala, akainuka, akasonga tena. Nyasi zilikuwa zimelala na zimelowa. Aliona pale alipoteremka kijitoni akanywa. Mnyama aliyepigwa tumboni hupata kiu kali. Mirumbe aliketi pale kando ya maji, akajifunika uso kwa mkono, akamkumbuka mjomba wake, na akaona haya kana kwamba mzee yule alikuwa amesimama nyuma yake.

Jua lilikuwa limeanza kushuka alipompata. Alikuwa jike. Alilala chini ya mti wa miiba, shingo ikiwa imenyooka, macho wazi, mbavu zikipanda na kushuka. Alimsikia mtu, akajaribu kuinuka, akasimama kwa miguu inayotetemeka, akimpa Mirumbe mgongo.

Huo ulikuwa wakati mgumu kuliko wote. Mtu mwingine angepiga hapohapo kwa huruma. Mirumbe aliuvuta upinde nusu, akaulegeza. Kupiga kwa nyuma kungemwongezea jeraha la pili juu ya la kwanza. Alingoja. Mikono yake ilianza kuuma. Aliongea naye kwa Kikuria, kwa sauti ndogo, kama mtu anavyoongea na ng'ombe anayezaa. Pongo alipiga hatua moja, akageuka, ubavu ukaonekana, mguu wa mbele ukatangulia. Mirumbe akavuta mpaka kamba ikagusa shavu, akaachilia.

Pongo aliruka mara moja, akaanguka, akanyamaza.

Mirumbe hakumsogelea upesi. Alikaa chini mpaka alipoona jicho halipepesi tena. Kisha akaenda akamfumba macho, na ndipo alipoona chuchu zimejaa. Mahali fulani vichakani kulikuwa na mtoto aliyefichwa, akingoja. Aliinuka akamtafuta. Alizunguka miiba, akaangalia chini ya kila kichaka, akaita kwa mlio ambao mjomba alimfundisha. Hakumwona. Bado alikuwa akitafuta aliposikia sauti nyuma yake.

"Mzee, weka upinde chini."

Walikuwa askari wa wanyamapori wawili. Mkubwa wao aliitwa Okari, mtu wa makamo, mwenye sauti ya upole. Mirumbe aliweka upinde chini. Okari alichuchumaa kando ya mzoga, akatazama lile jeraha la zamani tumboni lenye inzi, kisha lile jipya lililopita safi nyuma ya bega. Akatoa ile nusu ya mshale katika podo, akailinganisha na mishale ya mzee.

"Mzee, hii miwili ni kazi ya mkono wako, naona," alisema. "Huu si wako. Ni wa nani?"

"Yote ni yangu."

"Mzee wangu, nisikilize vizuri. Kama ulikuja kummaliza mnyama aliyejeruhiwa na mtu mwingine, niambie. Ni habari tofauti. Nitaiandika hivyo."

"Yote ni yangu," Mirumbe alirudia. "Ila nakuomba kitu kimoja. Ana mtoto. Mtafuteni."

Okari aliinuka. Akamwambia mwenzake azunguke upande wa kijito. Yeye mwenyewe akamfunga Mirumbe pingu, akizifunga kwa mbele ili mzee aweze kutembea bila kuanguka. Mtoto wa pongo hakupatikana siku ile.

Katika mahabusu ya Homa Bay, Bochaberi alikuja na chupa ya uji. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Caleb amekwenda kisiwa cha Remba," alisema. "Amesema anatafuta kazi ya samaki. Simu yake haiingii. Baba Caleb, nitasema ukweli kortini. Mimi siwezi kusema uongo, unajua."

"Hutaulizwa. Kwa hiyo hutasema uongo."

"Ni mwanao. Angesimama mwenyewe."

"Angesimama, ndiyo. Lakini hakusimama. Sasa unataka mtoto wa Liz azaliwe baba yake yuko ndani?"

Bochaberi alilia bila sauti, akamwachia uji. Kortini alikaa nyuma, akiwa amekunja mikono mapajani. Mirumbe alikiri kosa. Hakimu alimuuliza kama ana la kusema, naye akasema tu kwamba mnyama yule aliteseka na kwamba anasikitika. Alihukumiwa kifungo, au faini ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeweza kuitoa. Alifungwa.

Gerezani walimpa kazi ya bustani. Vijana wafungwa walimwita Babu Mshale na kumwomba hadithi za porini. Hakuwapa. Bochaberi alikuja kumtembelea kila alipoweza, amefunga kitambaa chake cha Dorkasi, kikundi cha akina mama kanisani, na kila mara alikuwa mwembamba zaidi. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alikuwa akikwenda kliniki Mirumbe akimsindikiza. Sasa alikwenda peke yake, na siku nyingine hakwenda kwa sababu mboga zilihitaji kuchumwa. Alimletea habari: Liz amejifungua msichana, wamemwita Nyamusi. Caleb ametuma samaki mkavu kwa mtu, lakini salamu hakutuma.

"Usimkasirikie," Mirumbe alisema.

"Sijamkasirikia," alijibu. "Namngoja. Kumngoja ndiko kunanichosha."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya mwisho kuonana. Kidonda kilimtoka Bochaberi mguuni, hakikupona, na homa ikaingia. Liz alimbeba kwa bodaboda hadi hospitali akiwa na mtoto mgongoni. Alimpigia Caleb kwa simu ya kila mtu aliyemfahamu kule kisiwani. Mmoja alisema amemwona, mwingine akasema amehamia Karungu. Bochaberi alifariki akiwa ameshikwa mkono na mkaza mwanawe, akiuliza kama mlango wa kuku umefungwa.

Liz na mchungaji walikwenda gerezani kumwambia Mirumbe. Alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akauliza, "Alikuwa na maumivu muda mrefu?"

Liz alitaka kusema hapana. Alimtazama mzee usoni, akashindwa. "Muda kidogo, Baba," alisema.

Mirumbe hakuwapo mazikoni. Alipotoka, nyasi zilikuwa zimekwisha ota juu ya kaburi. Liz alimpikia, akamwekea mtoto mapajani. Nyamusi alimshika ndevu, akacheka. Mirumbe alicheka pia, halafu machozi yakamtoka, na mtoto akamtazama kwa mshangao. Liz alimsimulia kwamba Caleb alifika siku ya mazishi akiwa amechelewa, akasimama mbali kwenye ua wa mikonge, na wimbo wa mwisho ulipoanza aliondoka.

Alikuja tena wiki chache baada ya baba yake kutoka. Ilikuwa mchana, Mirumbe alikuwa akipalilia. Caleb alikuwa amekonda, mikono ina makovu ya nyavu. Alipiga magoti kwenye udongo.

"Tata, nisamehe. Ulifungwa kwa ajili yangu."

Mirumbe aliegemea jembe. "Simama. Utaharibu vitunguu." Kijana aliposimama, akaendelea, "Hilo la kufungwa nililichagua mwenyewe. Sikudai."

"Basi niambie unachonidai."

Mzee alilikung'uta jembe udongo. Alipozungumza, sauti yake haikuwa na hasira, na Caleb alimwambia Liz baadaye kwamba afadhali angepigwa.

"Kupiga vibaya kunampata kila mtu. Hata mimi nilipiga vibaya nikiwa mdogo kuliko wewe, nikalia. Lakini nilimfuata. Wewe uliacha. Ulimwacha yule kichakani, na ulimwacha mama yako akiuliza habari zako kwa kila mtu anayetoka ziwani. Ulikuwa unaogopa. Najua. Hata mimi niliogopa siku ile."

Caleb alijifunika uso kwa mikono. Mirumbe hakumgusa. Alitaka, lakini mkono haukwenda.

Walikula pamoja, wote watatu na mtoto, ugali na samaki aliyeletwa na Caleb. Liz alizungumza habari za mvua ili pasiwe kimya. Nyamusi hakumjua baba yake, akamkimbia kila alipomwita, akajificha nyuma ya babu yake. Caleb alisema kazi inamngoja kisiwani, kwamba atakuwa akija kila mwisho wa mwezi. Mirumbe alimsindikiza hadi barabarani. Walisimama wakitazama vumbi la pikipiki ikija kwa mbali.

"Nenda kaburini kwanza," Mirumbe alisema. "Pikipiki nyingine zitapita."

Caleb alisita. Kisha akaiashiria pikipiki ipite, akarudi njia ile peke yake. Mirumbe alibaki kando ya barabara, akakaa juu ya jiwe, kwa sababu miguu ilikuwa ikimuuma. Pikipiki mbili zilipita akazipungia ziende. Mwanawe hakuwa amerudi bado.